Msiba wa Mwisho Hapa Ulikuwa Lini

Sikilizeni, sie hatukufukuzwa Mwananyamala, na mie sijafulia. Hilo kwanza litoeni vichwani ndio tuongee. Maana habari zinanifikia. Nasikia pale kwenye benchi la kinyozi mnasema jamaa kashindwa maisha, kakimbilia Temeke. Mie wa kuambiwa hivyo? Mie niliyewahi kuchaniwa fulana kwa kuitetea Mwananyamala mbele ya mtu aliyesema mitaro yetu inanuka? Inanuka, ndio. Mvua ikinyesha inanukaga mpaka ugali unapoteza ladha. Lakini wa kusema hivyo ni sie tuliokulia pembeni yake, sio mtu katoka Tabata kuja kunyoa ndevu.

Kwa hiyo naeleza mara moja tu hapa kwenye grupu, na anayetaka kubisha abishe nikishamaliza.

Ile nyumba mama aliipanga akiwa na mimba yangu. Chumba kimoja, baadaye viwili, bomba moja uani la wapangaji wote. Mbele ya nyumba ndio alikuwa anakaanga mihogo na samaki tangu mie sijaota meno. Baba simjui vizuri na sio habari ya leo. Mie ni fundi simu, sijasomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu simu za watu na kukimbia, nikaacha kukimbia nilipoanza kuzipatia. Tulikuwa tunaishi vizuri tu. Halafu mwenye nyumba akafariki, watoto wake wakauza, na aliyenunua anataka kubomoa ajenge fremu za maduka. Tukapewa miezi mitatu.

Najua mtasema tungetafuta hapohapo. Tulitafuta. Chumba cha maana mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima mkononi, na chumba kisicho cha maana ukuta unatoka jasho kama mbeba zege. Vingine nilivyoonyeshwa vilikuwa vyumba kwa jina tu. Kimoja kilikuwa ngazi. Watu wameweka mlango chini ya ngazi wakasema chumba. Nilimuuliza mwenye nyumba nitalala nimesimama au nimekunjwa, akasema mpangaji aliyepita hakulalamika. Nikamwambia aliyepita labda alikuwa mwavuli. Tukagombana, tukaachanishwa, na mlango wa pale ukafungwa kwangu milele.

Ndio nikampata dalali. Huyu alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba, ana simu mbili na zote betri inakaribia kufa. Nyumba zake zote zilikuwa dakika tano kutoka barabarani. Sijui dakika hizo alizipimia wapi. Tulitembea dakika tano moja mpaka mama akaomba maji kwa watu.

Mie nilikuwa na masharti yangu: choo cha ndani, tailizi, mita ya umeme ya peke yetu ili nisigombane tena na mtu kwa sababu ya pasi. Mama nilimuuliza yeye anataka nini. Akasema, "Popote baba, mradi pakavu." Nikamwamini. Hapo ndipo nilipokosea, maana mama alikuwa na sharti lake moja ambalo hakumwambia mtu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Ubungo, ghorofa moja nyuma ya barabara ya Morogoro, milango mingi na kila mlango una kufuli. Mie nikaingia ndani kuangalia soketi. Kutoka nikamkuta mama kamsimamisha dada mmoja mpangaji anayewahi kazini. Kamsalimia vizuri, kamuuliza habari za watoto ambao hana, halafu akamwambia, "Samahani mwanangu, msiba wa mwisho hapa ulikuwa lini?"

Yule dada akamwangalia mama, akaniangalia mie, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. Akasema mwaka jana baba mmoja wa vyumba vya chini alifariki, wakajulishana kwenye grupu, watu wakatuma pole na kale kapicha ka mikono. Mama akauliza nani alikaa na mke wake. Dada akasema kwa kweli hajui, anadhani alihama. Mama akashukuru, akatoka zake nje. Hakuangalia hata choo. Mtu anayetafuta nyumba asiangalie choo, huyo kashamaliza.

Dalali akanivuta pembeni. "Braza, usinielewe vibaya. Bi mkubwa ni mtu wa mambo yale?"

Nikamuuliza mambo yapi. Akasema yale, si unajua, yale ya usiku, maana lile swali lake kwa kweli limemshtua. Nikamkunja shati. Mama yangu asingiziwe uchawi na mtu ambaye chaji hana. Akaanza kujieleza kwamba yeye hana shida, ila wapo wenye nyumba wanaomaindi. Nikamwachia, kwanza kwa sababu shati lilianza kutatuka, pili kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nyumba zilizobaki.

Nikimtetea mama namtetea kwa haki. Kule Mwananyamala mwanamke akifa, mtu wa kwanza kugongewa mlango alikuwa ni yeye, maana ndiye anayejua kukosha maiti. Yeye na wenzie wanne. Toka utoto nimemzoea akirudi, ananawa, anakaa, halafu anaanza kulalamika: maji yalikuwa ya baridi mno, fulani alikuwa anaharakisha, sanda imekatwa kama pazia la banda la chipsi. Wengine mama zao wanasema mpishi huyu hajui. Wangu anasema mkoshaji huyu hajui. Lakini wale wenzie wanne nao nyumba zao zimeuzwa. Wawili wamehamia kwa watoto wao, mmoja haoni vizuri, na mmoja mama mwenyewe ndiye aliyemkosha.

Haya niliyajua yote, ila sikuyaunganisha. Akili yangu ilikuwa kwenye tailizi.

Halafu tukaenda Bunju. Jamani, Bunju mie nilipapenda, siwezi kuwadanganya. Nyumba nzima peke yetu. Vyumba viwili na sebule, tailizi mpaka chooni, madirisha ya alumini, tangi la maji juu. Nilivua viatu nikatembea peku mle ndani kama nimeingia msikitini. Nikaanza kupanga kochi ambalo sina. Dalali naye kanisoma, anaongea taratibu, anasema hewa kama hii ukiwa mjini unaitafuta kwa feni. Na ukimya. Ukikohoa, unajisikia mwenyewe ukikohoa.

Mama katoka kwenda kuuliza swali lake. Niliona kupitia dirishani. Geti la kwanza akapiga hodi, akajibiwa na mbwa. La pili hakukuwa na mbwa wala mtu. La tatu kikafunguka kitundu kidogo na jicho moja likatokea. Mama akalisalimia lile jicho. Akalieleza kwamba tunataka kuwa majirani, akaliuliza msiba wa mwisho mtaa ule ulikuwa lini. Jicho likasema, "Mama, huku hatunaga mambo hayo. Mtu akifa anapelekwa kwao." Kitundu kikafungwa.

Akarudi, akakaa kwenye ngazi ya barazani, akavua kandambili akaanza kukung'uta mchanga. Mie nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia watu wanaulizaga maji. Wanaulizaga wezi. Wanaulizaga barabara ikoje wakati wa mvua. Yeye peke yake Dar es Salaam nzima anauliza maiti, mpaka dalali anamwona mchawi, na nyumba nzuri kama hii inatupita hivihivi.

Alimaliza kwanza kandambili ya pili.

"Mimi nikifia humu, atanikosha nani?"

Nikasema hafi. Akasema sikumjibu, kauliza nani. Nikasema mie si nipo.

"Wewe mwanaume, baba."

Nikaanza kuvaa viatu. Mtoto ni mie peke yangu. Sina dada, sina mke, na wale mnaowataja pale kijiweni sio wa kuitiwa jambo kama hilo. Ndugu zake wako Kusini, Nachingwea huko. Mpaka wapate habari, wapande basi, wafike, mtu kashawekwa chini toka jana. Mama kakosha wanawake wa mtaa mzima kwa miaka yote hiyo, na mie nataka kumweka mahali ambapo atapokewa na jicho.

Basi hasira zikanipanda, kwa sababu nikikosa jibu hasira ndio zinakujaga badala yake. Nikamwambia dalali tutafikiria, kwa sauti ambayo hata yeye alijua hatutafikiria. Njiani mama alinunua karanga, akanigawia, nikakataa, halafu nikazila.

Siku kama nne hivi zikapita. Asubuhi moja dalali akapiga simu anahema. Kuna chumba na kisebule Temeke, kimeachwa wazi alfajiri ya leoleo, mpangaji katoka na harudi, tuwahi kabla madalali wengine hawajasikia.

Sasa Temeke. Mnakumbuka nilichosemaga. Nilisema siku nikihamia Temeke mnikate sikio. Nilikuwa naamini ukivuka kule watu wanaongea kwa kupiga kelele, muziki mlangoni, maji ya kununua, na kila mtu anajua umekula nini. Nilikuwa nasema haya nikiwa Mwananyamala, mahali ambapo watu wanaongea kwa kupiga kelele na kila mtu anajua umekula nini. Lakini yetu ilikuwa tofauti. Yetu ilikuwa ya kwetu. Nikamwambia mama twende tu ili tumalize orodha, na nikavaa raba zangu nyeupe, mpya, siku ya kwanza kuzivaa, ili watu wa kule waone mtu katoka wapi.

Tunakata kona kuingia mtaani, njia imezibwa na turubai. Msiba. Mikeka chini, wanaume wamekaa, wanawake wanaonekana uani na masufuria. Na nyumba ya dalali ndiyo hiyohiyo iliyozibwa. Dalali akapunguza mwendo, akasema kwa sauti ya chini tukae kwanza, haipendezi kupita katikati ya watu tunakagua madirisha. Hapo alisema kweli, nikakaa.

Mama hakukaa. Alifungua mkoba wake, akatoa khanga ya pili, maana wanawake wa aina yake hawatokagi na khanga moja, akajitanda, akaingia ndani. Nikajua kaenda kutoa pole dakika mbili. Sikumwona tena mpaka jioni.

Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja mfupi, kofia ya kufuma, ndiye aliyekuwa akipokea wageni. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza nimetoka wapi. Nikajibu kwa kifua, Kinondoni, maana Mwananyamala ni Kinondoni hiyohiyo.

Watu wakageuka. Mkeka mzima. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe umekuja," akasema.

Kilichotokea ni hiki. Marehemu alikuwa mama mtu mzima, mpangaji wa muda mrefu, hakujaliwa mtoto wala hakubaki na mume. Ndugu aliyekuwa akimtaja ni mmoja tu, mtoto wa kaka yake, yuko Kinondoni. Kila Idi anapika, anasema mtoto wa kaka atakuja. Idi inapita, sahani anapewa mtoto wa jirani. Asubuhi ile walikuwa wamepiga namba yake mpaka wamechoka, haipatikani. Na sasa hapa kakaa kijana wa Kinondoni, raba nyeupe, uso wa kutojua aangalie wapi.

Nikaanza kusema hapana mzee, mie. Akainua kiganja. Akasema nisijitetee, yeye hapendi kumsema mtu msibani, halafu akanisema kwa dakika kumi. Kwamba shangazi sio mtu wa kutupa. Kwamba aliumwa mguu, nani alimpeleka kuchoma sindano? Majirani. Bati lilivuja, nani alipanda juu? Majirani. Kwamba Kinondoni sio Ulaya. Wazee wengine wanatikisa vichwa. Namwangalia dalali anisaidie, mshenzi yule kainamia simu yake iliyozima.

Na mie, ambaye siombagi msamaha hata nikikanyaga mtu, nikajisikia nasema, "Nisameheni, wazee." Sijui ilitoka wapi. Nadhani nilimhurumia yule mama. Nadhani pia nilikuwa namuomba msamaha mtu mwingine, aliyekuwa ndani na khanga ya pili.

Nikapewa jembe.

Makaburini tulikuwa vijana sita. Udongo juu mkavu, chini tope, na raba zangu mnazikumbuka. Tulipofika kifuani jamaa mmoja aliyekuwa akiongoza akasema panatosha, kina hiki kinafaa, twendeni tukale. Nikamwangalia. Upande mmoja ukuta umepinda wazi kabisa. Nikamwambia hapatoshi. Akasema yeye kachimba mengi. Nikamwambia achimbe na hili vizuri basi, shangazi hawezi kulazwa kwenye shimo lililopinda kama mtaro. Akaniuliza toka lini namjali shangazi. Tukatupa majembe. Walituingilia katikati, na nyie mnanijua nikianza. Nilipiga kelele kwamba kama hawawezi watoke nichimbe peke yangu. Wakatoka. Nikachimba peke yangu. Baadaye yule jamaa akarudi, akashuka, akaanza kunyoosha upande wake. Ndiye rafiki yangu mkubwa huku sasa, na bado anasema mwanzo palikuwa panatosha.

Tuliporudi mtaani nikakuta watu wanacheka. Mama mmoja Mngoni, mtani wa marehemu, kavaa gauni la marehemu na miwani yake, kashika ufagio, anazunguka uani anamuigiza. Watani wa namna hiyo wana ruhusa yao, hata maiti ikiwa ndani. Anawafokea wapangaji kwa sauti ya marehemu: nani kaacha koki wazi, maji ya baba yake? Nani kaanika soksi kwenye kamba yangu? Watu wanacheka na machozi yanatoka, hujui kipi ni kipi. Akasimama kwenye mlango wa pili kushoto, akaugonga na ufagio.

"Na hapa kwangu msimwingize mchafu. Dalali yuko wapi? Au bado ananiogopa?"

Watu wakazidi kucheka. Mie nikamtazama dalali. Aliangalia chini kwa namna ambayo mtu anaangalia pale tu penye kweli. Mlango wa pili kushoto. Chumba na kisebule. Kimeachwa wazi alfajiri, mpangaji katoka na harudi.

Nilimpeleka nyuma ya bafu. Nilimuuliza kama katuleta tukague chumba cha mtu ambaye mwenyewe yumo ndani hajatolewa. Akaniomba nipunguze sauti. Akasema yeye hakujua msiba uko hapohapo, alidhani watazikia kwa ndugu, na angechelewa mpaka kesho kingekuwa kimeshachukuliwa. Akaongeza, kwa heshima kabisa, kwamba soko la nyumba ndivyo lilivyo. Ngumi yangu ilikuwa tayari. Lakini nikikumbuka vizuri, wakati ule mie ndiye niliyekuwa mfiwa mkuu. Mfiwa mkuu hapigi mtu nyuma ya bafu. Nikamwachia.

Alasiri tukaswali, tukambeba. Makaburini mzee mwenye kofia akasimama pembeni ya shimo, akasema mtoto wa kaka ashuke ampokee.

Hapo nikaona basi. Kuchimba nimechimba, kutukanwa nimetukanwa, lakini kushuka kumpokea mwanamke wa watu kwa uongo, hapana. Nikamsogelea, nikamwambia sikioni. Mzee, mie sio ndugu yake. Mie na mama yangu tumekuja kutafuta chumba. Nilitegemea anizabe kibao, na ningekikubali.

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye raba, ambazo hazikuwa nyeupe tena. Akatazama watu waliojaa pale.

"Kwani hawa ni ndugu zake?" akasema. "Shuka."

Nikashuka. Alikuwa mwepesi. Mpaka leo ndicho ninachokumbuka zaidi, alikuwa mwepesi kuliko ndoo ya mihogo ya mama.

Tumerudi nikamkuta mama uani, mikono imejaa povu, anasugua sufuria kubwa na anabishana na yule Mngoni kuhusu nani kaunguza ubwabwa. Nikamwita pembeni, nikamwambia jambo zito limetokea: chumba tulichokuja kukiona ni cha marehemu. Akasema anajua. Nikamwambia na dalali katudanganya. Anajua. Wanawake walimwambia toka asubuhi, alipowaeleza kafuata nini.

"Uliwaambia tumekuja kuangalia chumba?"

"Niliwaambia. Wakacheka, wakanipa shuka nishike."

Shuka ni lile linaloshikwa juu ya maiti wakati anakoshwa, asionekane. Hushikishwi kama hawajakuamini. Mama alisimama pale na kona yake ya shuka akawatazama kazi yao mwanzo mpaka mwisho, mtu ambaye kazi ya mwenzie haijawahi kumridhisha. Nikasubiri lawama. Maji ya baridi, haraka, sanda.

Akafuta mikono kwenye khanga. "Walikuwa wanaongea naye," akasema. "Wanamwambia geuka kidogo mama, tunakuumiza? Hakuwa na mtoto hata mmoja, baba. Umewaona watu?"

Nikasema nimewaona. Akasema basi, na yeye kesho ana zamu ya vyombo.

Mwenye nyumba ni mzee wa Kiarabu mwenye duka la pembeni, ndiye aliyetoa mchele wa siku zote tatu. Aliposikia dalali kaleta wapangaji siku ileile alimfukuza kwa bakora ya kutembelea, jambo ambalo lilinifariji sana. Kwetu akasema chumba hakitafunguliwa mpaka arobaini ipite. Mama akasema na yeye asingeingia kabla. Arobaini ilipofika mama alikuwa jikoni tayari, anawaelekeza wenyeji vyombo viko wapi.

Kwa hiyo ndio hapa. Sakafu ya saruji. Choo cha nje, watu sita, na juzi nimegombana kwa sababu ya pasi. Mihogo ya mama inaisha saa tatu asubuhi. Mtaa mzima wananiita mtoto wa kaka, na wote wanajua sio kweli. Idi iliyopita mama alipika, akatenga sahani moja, akaifunika. Tulikaa tukaisubiri. Hakuja mtu. Jioni mzee mwenye kofia akaileta mbele yangu, akasema kula, ni ya kwako.

Na Kinondoni bado ni kwangu, asije mtu akanichokoza. Nikiwa huku naitetea, nikija huko nitaitetea Temeke, fulana ninazo za kutosha. Lakini nyie mnaonicheka hapo kwenye benchi, mtoto wa kaka mwenyewe yuko hukohuko kwenu, pengine hata mnanyolewa naye. Mwambieni aje, nitamwonyesha kaburi, nimelinyoosha vizuri.

Na wewe unayesoma hii umekaa kwenye tailizi zako, usicheke sana. Ukifa kesho asubuhi, hapo ulipopanga, nani atakushikia shuka?